Pikipiki ya Persis Haipandi Gari

Watu wa hapa Fort McPherson wana domo. Tangu turudi kutoka safari ile wanasema mimi, Tabitha, ndiye niliyemtia wifi yangu wazimu; eti nilikuwa na gari, nilikuwa na akili zangu, ningeweza kumzuia. Kumzuia Persis! Hebu mmoja wao ajaribu, nimwone. Huyo ni mwanamke aliyewapikia wanaume wa kambi ya barabara ujana wake wote mpaka mvi, wenye magreda na wenye malori, na hakuna aliyethubutu kumrudishia sahani yenye mabaki. Mimi ni mdogo wa marehemu mumewe. Namjua tangu nikiwa binti wa kukimbizana na mbwa wa kuvuta sleji, na bado sijamwona mtu aliyemzuia akaweza.

Pikipiki yenyewe aliipata kulekule kambini. Mgeni mmoja kutoka kusini alikuja nayo msimu wa mvua, na tope la barabara yetu likamwangusha, akainuka, likamwangusha tena. Akaingia jikoni kwa Persis analia, akasema hataki hata kuliona tena lile dude. Persis akampa supu ya kulungu, akamtafutia lori la kumrudisha kwao, na dude likabaki nyuma ya jiko. Wifi yangu alikuwa karibu na miaka sitini na hajawahi kuendesha hata baiskeli. Kaka yangu Amos, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akapaliwa.

"Wewe na pikipiki! Mnakwenda wapi?"

"Wanakokwenda wao," akajibu Persis, huku anakwangua tope kwa kisu cha kuchunia ngozi.

Huko wanakokwenda wao ni baharini, Tuktoyaktuk, barabara inakoishia kabisa. Persis bahari alishaiona. Tumempeleka kwa mashua, tumempeleka kwa gari juu ya barafu. Lakini alitaka aende mwenyewe, barabara nzima, kuanzia inapochepuka kule chini karibu na Dawson mpaka inapoingia majini. "Nimewalisha wote waliopita," aliniambia. "Wote wamefika, wamepiga picha. Mimi niliyewapa nguvu nimebaki na masufuria." Akajifunza, akaanguka, akajifunza. Kila kiangazi alikwenda mbali kidogo zaidi. Mwaka juzi aliteleza kwenye kokoto akavunjika mfupa wa bega, na hapo ndipo mwanawe alipoingilia kati.

Mwanawe ni Darcy, mmoja tu, mwanaume wa miaka arobaini, mkubwa kama mlango. Anafanya kazi kwenye kivuko cha mto Peel, pale kijijini kwetu. Ni kijana mzuri, sisemi, lakini tangu baba yake afe amekuwa na woga wa kuku. Alikuja jikoni kwa mama yake mwezi wa Agosti, nikiwepo, hata chai hakuigusa.

"Mama, pikipiki basi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu nani humu ndani? Mimi ndiye niliyekuzaa, na ulikuwa mtoto mzito."

"Una miaka sitini na saba."

"Na wewe una arobaini, mbona hujaoa? Kila mtu na aibu yake."

Wakabishana mpaka mkate uliokuwa kwenye kikaango ukaungua. Mwishowe Darcy akaona hawezi kumkataza, akaamua kumfunga kwa sharti. Atamkubalia safari moja, mpaka baharini, lakini gari langu limfuate nyuma njia nzima. Na pikipiki ikipakiwa kwenye gari lolote, hata mara moja, hata kwa umbali wa kutoka hapa mpaka kanisani, ndiyo imekwisha. Ufunguo anapewa Darcy, na anaiuza.

"Na isipopakiwa?" akauliza Persis.

"Isipopakiwa sitasema neno tena maisha yangu."

"Wifi, umemsikia? Wewe ndiye shahidi."

Ndivyo nilivyofanywa shahidi, bila hata kuulizwa kama nina kazi nyingine.

Pikipiki ilikuwa kwa fundi kule Dawson. Mwanzoni mwa Septemba tukashuka na pikapu yangu yenye kibanda cha kulala mgongoni, kibanda cha kijani ambacho mlango wake ni lazima uupige teke ndipo ufunge. Tukaichukua, Persis akavaa helmeti yake na koti la marehemu Amos, akawasha. Pale barabara ya lami inapoachana na ya kokoto hakugeuka hata kunitazama. Aliondoka, na mimi nikabaki nakula vumbi lake kutwa nzima. Milima ya huko ilikuwa imeshageuka rangi, nyekundu na njano, watu wanatoka mbali kuja kuitazama. Mimi niliona vumbi.

Jioni tulipiga kambi kando ya mto. Nikachemsha chai, nikakata nyama kavu, nikampa kikombe. Chai ikamwagika. Nikadhani amechoka. Nikamjazia tena, ikamwagika tena, na safari hii nikaushika ule mkono wake wa kushoto. Ulikuwa unacheza wenyewe, kama samaki uliyemtoa wavuni sasa hivi.

"Persis. Hii nini?"

"Baridi."

"Baridi gani, na sisi tumekaa kwenye moto?"

Akakiweka kikombe chini. Halafu akaniambia, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Mkono ulianza kucheza majira ya baridi. Daktari wa Whitehorse amesema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hautapona, utazidi tu. Mkono wa kushoto ndio unaoshika klachi. Mwaka huu unashika bado, ukiwa na joto. Mwaka ujao hautashika.

"Darcy anajua?"

"Thubutu! Na akijua nitajua ni nani aliyesema."

"Sikio la kufa halisikii dawa, wifi."

"Basi hili si la kufa. Nipe nyama."

Nilikasirika. Nilikasirika sana, nisiseme uongo. Nililala kwenye kibanda nimempa mgongo, namsikia anapumua, nawaza nimekuja kumfuata mtu anayekwenda kujiua mbele ya macho yangu. Lakini pia nilimwelewa, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi. Ningekuwa mimi ningeficha vilevile.

Kesho yake tukafika pale hotelini katikati ya njia, ambapo kila mtu hujaza mafuta. Palikuwa na bwana mmoja kutoka Calgary, jina lake Garth, ana pikapu mpya yenye kibanda kikubwa kuliko jiko langu, na nyuma yake amefunga pikipiki kubwa, inang'aa, haina hata tone la tope. Akamwona Persis anavua helmeti, mvi zikamwagika.

"He! Bibi! Umepotea?"

"Mimi nipotee, hapa kwetu? Wewe ndiye umebeba pikipiki mgongoni kama mtoto mgonjwa. Inaumwa nini?"

Wanaume waliokuwa pale wakacheka, na Garth naye akacheka, akawa mwekundu. Akasema anaishusha mahali pazuri pa picha, barabara hii itamharibia. Si mtu mbaya yule Garth. Ni mtu aliyenunua vitu vingi mno, basi.

Tukavuka ule mstari wa mzingo wa kaskazini ya dunia, wageni wanaoupigia picha, mvua ikaanza. Barabara yetu ikilowa ni sabuni, kwa sababu ya ile dawa wanayomwaga kutuliza vumbi. Persis alikwenda taratibu, miguu ameitanua kidogo, tope limempanda mpaka kifuani. Nilikuwa nyuma yake, vifuta maji vya gari vinalia. Tukapanda milima. Pale juu kabisa, kwenye mpaka wa kuingia jimbo letu, upepo unapitiliza mpaka kwenye meno, ndipo tulipowaona.

Kulungu. Si kundi, ni wa mbele tu, wachache, wamesimama kando ya barabara upande wa kulia, vichwa juu, wanafikiria. Kila mtu aliyelelewa kwetu anajua la kufanya. Wa mbele hawapigwi risasi, hawapigiwi kelele, hawakatiwi njia. Wakipita salama, maelfu walio nyuma yao watapita palepale. Ukiwashtua wakageuka, wanageuka na kundi zima, na vijiji vyote huku chini vitakula nyama ya makopo mpaka majira ya kuchipua. Bibi zetu walimchapa mtu kwa hilo.

Hapo Persis akafanya kosa ambalo mgeni asingelifanya kamwe. Alizima injini.

Ile pikipiki inanguruma, asingeweza kuiacha inawaka. Mguu wa kusimamishia ungezama kwenye tope, kwa hiyo hakuweza hata kushuka. Alikaa juu yake, katikati ya mvua na upepo, mikono kwenye usukani, akingoja wanyama waamue. Na mimi nikazima langu nikangoja. Wale kulungu hawana haraka. Mmoja akaweka mguu barabarani, akautoa. Akauweka tena.

Mara nyuma yangu, honi! Garth huyo, amefika na pikapu yake.

Nilishuka nikamwendea, na sikumbuki kama nilifunga mlango. "Wewe! Toa mkono kwenye honi kabla sijautoa mimi!"

"Samahani, mama. Wanyama wamesimama njiani."

"Njia ni yao! Aliyesimama ni wewe. Zima gari, na ukikohoa, kohoa kwenye shati."

Akazima. Hakukohoa. Tukangoja, na hatimaye yule wa kwanza akavuka, kwato zake zikilia tik-tik-tik, na wenziwe wakamfuata, wakashuka bondeni, na nyuma yao mlima wote ukaanza kutembea. Nilitokwa na machozi kama kila mwaka. Walipopungua nikasogea mbele kumwambia Persis tuondoke, nikamkuta bado yuko vilevile, uso wa kijivu.

Injini iliwaka. Klachi ndiyo iliyomshinda. Ule mkono ulikuwa umekufa kwa baridi, na pale ulipokuwa haujafa ulikuwa unaruka hovyo. Akaupiga kwenye paja. Akautia mdomoni akaupulizia. Akautukana, matusi ya kambini, ambayo sitayarudia hapa. Vidole viligusa klachi vikateleza. Garth akaishikilia pikipiki, nikampeleka garini, nikauweka mkono mbele ya hewa ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu. Ukatulia dakika mbili, tukatoka nje, ukaanza upya.

Garth akavua kofia kwa mkono mmoja, wa pili bado umeishika pikipiki. "Bibi, ninayo ngazi ya kupandishia, ninayo mikanda. Gari lako lina nafasi nyuma ya kibanda, au langu. Dakika chache tu. Si aibu."

Na mimi, shahidi, nikasema, "Wifi, tuipakie. Tutaishusha kabla ya kufika mtoni. Darcy atajuaje?"

Aligeuka akanitazama. Nimetazamwa na dubu nikiwa nachuma matunda, na dubu alikuwa na huruma zaidi.

"Shahidi gani wewe, unaiba kesi haijafika barazani?"

"Basi tukae hapa theluji itufunike! Unataka nini, Persis? Unataka nikupeleke kwa Darcy ndani ya turubai?"

"Nataka uache kupiga kelele, nafikiri."

Akatazama barabara. Kutoka pale inateremka, mteremko mrefu. Halafu akasema, kana kwamba anaagiza unga, kwamba ataiwasha ikiwa haijatiwa gia, sisi tuisukume ishike mteremko, na ikishapata mwendo ataipiga gia ya pili kwa mguu, bila klachi. Baada ya hapo hatabadilisha kitu na hatasimama mpaka mtoni.

"Na kukiwa na kitu njiani?" nikauliza.

"Wewe si una honi? Hapo ndipo utaipiga."

Tukamsukuma, mimi na Garth na viatu vyake vipya. Pikipiki ikateremka, ikateremka zaidi, nikaona mguu wake ukishuka, na chuma kikalia kwa sauti ya kutisha, gurudumu la nyuma likayumba kushoto, likayumba kulia, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa anakwenda.

Sijawahi kuendesha hivyo tena na Mungu aninusuru. Kwenye miinuko injini ililalamika ikakaribia kufa, nikawa naisukuma kwa midomo yangu mwenyewe garini, "Haya mama, haya mama, panda." Kwenye miteremko ilipiga mayowe. Tulipishana na greda. Dereva wake, tunayemjua tangu mtoto, akainua mkono kumsalimia, naye hakujibu, maana mkono mmoja haufanyi kazi na mwingine unafanya kazi ya miwili. Yule dereva mpaka leo anasema Persis siku hizi ana maringo. Mwache aseme. Nilikuwa naimba tenzi za kanisani kwa lugha yetu, zile za mazishi, kwa sababu ndizo pekee zilizonijia.

Tukashuka mtoni. Kivuko kilikuwa upande wetu, na Darcy amesimama mbele yake na fulana yake ya njano. Persis akazima injini kwa kidole gumba, akabana breki ya mkono wa kulia, pikipiki ikateleza, ikasimama hatua chache kutoka kwenye tumbo la mwanawe. Mkono wa kushoto akautia mfukoni palepale.

Darcy alitabasamu. Alikuwa hajatabasamu tangu kiangazi kianze. "Mama. Umefika kweli."

"Ulidhani nimekwenda sokoni?"

"Haikupanda gari?"

"Muulize shahidi."

"Haikupanda," nikasema.

Ingeishia hapo. Tungekwenda nyumbani, tungekula, tungelala. Lakini Garth naye alikuwa ameshafika, na kwa moyo wake mweupe akateremka mbio, akapaza sauti mbele ya kivuko kizima: "Bibi! Mkono unaendeleaje?"

"Mkono gani?" akauliza Darcy.

Garth akaona alichofanya, akaanza kukagua tairi lake.

"Shangazi. Mkono gani?"

"Muulize mwenyewe. Mimi ninayo miwili tu, na hakuna anayeulizia yangu."

"Ulijua?"

"Nilijua jana. Na usinifokee mimi, Darcy, nimekubadilisha nepi."

Persis alishuka kwenye pikipiki. Akautoa mkono mfukoni, akavua glavu kwa meno, akaunyoosha mbele ya uso wa mwanawe. Watu wote wa kivuko waliuona, watu wa kanisani kwetu, watu wa dukani. Ulitetemeka mpaka kwenye kiwiko.

"Haya, utazame. Huu hapa. Mwaka ujao sitashika klachi, na pengine mwaka unaofuata wewe ndiye utanishikia kijiko. Ndiyo maana nimekwenda mwaka huu. Nilikuficha kwa sababu ungenizuia, na kama ningekubali kuzuiwa ningekuchukia. Sikutaka nikuchukie. Umeridhika?"

Darcy akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo, mama."

"Imepanda gari?"

"Achana na gari! Nimemzika baba. Nilimshika mwenyewe nikamshusha. Sitaki kuja kukuokota kwenye mtaro kama kulungu aliyegongwa. Unanifanyia hivi kwa nini?"

Mimi nilitaka kumkumbatia, na nilitaka pia kumzaba kofi, kwa sababu alikuwa amenyoosha mkono wake wa kudai ufunguo, na mkono mkubwa vile mbele ya mwanamke mdogo vile si kitu kizuri kukitazama. Persis aliutazama. Hakurudi nyuma.

"Unaogopa nitaanguka?"

"Ndiyo."

"Basi panda nyuma."

"Nini?"

"Umesikia. Mkono wangu wa kushoto haushiki, wa kwako unashika. Panda nyuma, upitishe mkono, nikisema vuta, unavuta klachi. Nikisema achia, unaachia. Nikianguka tunaanguka wote, hutahitaji kuniokota. Au woga wako ni juu yangu peke yangu, wewe haukuhusu?"

Nahodha wa kivuko, mzee asiyesema maneno matano kwa siku, akatoa kichwa dirishani: "Darcy, panda bwana. Mto tutauvuka bila wewe."

Watu waliangua kicheko, na Darcy akawa hana pa kukimbilia. Tuliondoka kesho yake asubuhi, mkono ukiwa umelala kwenye joto. Ingekuwa vizuri mngeona. Mama kadogo mbele, mtoto mkubwa nyuma, magoti yake yametoka pembeni kama mbawa, mkono wake wa kushoto umezunguka kiuno cha mama mpaka kwenye usukani. Kijiji kilitoka nje. Mbwa walibweka. Na mimi nyuma yao, kwa sababu sharti ni sharti, nikiwasikia wanagombana kupita kelele za injini.

"Vuta! Nimesema vuta!"

"Nimevuta!"

"Umevuta koti langu! Achia! Taratibu, huchinji mbuzi!"

Waligombana mpaka mto wa pili, waligombana mpaka Inuvik. Kwenye kituo cha mafuta walisahau nani anaachia lini, wakaanguka pamoja palepale kwenye pampu, polepole, kama gunia. Nikasimamisha gari, nikaruka nje. Nikawakuta wamelala chali, pikipiki imewalalia miguu, na Darcy anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu utotoni. Tulilala watatu ndani ya kibanda changu, miguu ya Darcy imetokeza mlangoni, na kulipokucha wakapanda tena. Baada ya hapo aliacha kuambiwa. Mama akiinamisha bega tu, yeye ameshavuta.

Tuktoyaktuk ilikuwa ya kijivu, upepo mtupu. Pale kwenye kibao ambapo wageni hupiga picha kulikuwa na watu, na Garth alikuwapo, pikipiki yake imeshushwa, inang'aa. Persis hakusimama kwenye kibao. Alikipita, akashuka kwenye kokoto za ufukweni, akaenda mpaka gurudumu la mbele likaingia majini, maji yakafika katikati ya spoku.

"Vuta," akasema.

Darcy akavuta. Persis akazima injini.

Nililia, na sioni aibu. Persis hakulia. Aliitazama bahari kama anavyomtazama mtu aliyechelewa chakula, akaiambia, "Haya. Nimekuja mwenyewe. Huyu nyuma ni mzigo."

Mzigo ulishuka ukamsaidia kuirudisha pikipiki nchi kavu. Darcy alikuwa na uso wa mtoto siku ya Krismasi. Alishaanza kupanga: tukitoka asubuhi mapema, mvua ikikosa, tutakuwa mtoni Jumapili, na safari hii nitavuta vizuri zaidi pale kwenye kona, mama, nimeshaielewa. Na mwaka ujao twende mpaka Dawson. Alikuwa anasema haraka haraka.

Persis akamsikiliza mpaka akamaliza. Halafu akatoa ufunguo, akamwekea kiganjani.

"Ipakie."

"Nini?"

"Kwenye gari la shangazi yako. Ipakie."

Darcy akacheka kidogo, akanitazama mimi, akaona sicheki. "Hapana, mama. Tunarudi kama tulivyokuja. Ikipakiwa ndiyo imekwisha. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Najua tulivyokubaliana. Nilikuwepo."

"Siipakii."

"Darcy. Nilimkatalia shangazi yako mlimani, nikakukatalia wewe mtoni mbele ya watu. Leo sijakatazwa na mtu wala sijaombwa na mtu. Ipakie, au nitaipakia mwenyewe kwa mkono mmoja, na nikikutia aibu hapa mbele ya wageni usinilaumu."

Alibaki amesimama na ule ufunguo, mwanaume mzima, upepo unampiga. Garth akaja na ngazi yake bila kuambiwa. Wakaipandisha, wakaifunga kwa mikanda nyuma ya kibanda, na Darcy alikuwa anafuta uso kwa bega kila mara ili asiachie mkanda. Persis alisimama pembeni akiwakosoa: huo umelegea, huo umepinda, kaza, hujui kufunga mzigo wewe.

Walipomaliza akapanda garini, akakaa katikati yetu. Mkono ule akautoa mfukoni, akauweka wazi juu ya paja la mwanawe, unatetemeka unavyotaka, na hatukuwa hata tumetoka Tuktoyaktuk alipoanza kukoroma.